Nilitumia mchango wa bima ya mama kulipa kodi ya nyumba, sasa kaka anataka makato ya benki

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mshonaji, mwanamke wa miaka 39, mtoto wa pili kati ya wanne. Mama yetu ana miaka 68 na shinikizo la damu, kila mwezi anakwenda kliniki kupimwa na kuchukua dawa. Miaka 3 iliyopita tulikaa sote tukakubaliana kumkatia bima ya afya. Bili ya mwezi tukaigawa mafungu manne sawasawa. Kazi ya kukusanya na kulipa nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa karibu na mama.

Utaratibu wetu ni huu. Kila mmoja ananitumia fungu lake kwenye simu, naongeza langu, nalipa kwa simu kwa namba ya uanachama ya mama, kisha ujumbe wa uthibitisho nautupia kwenye kundi letu la familia. Siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 5. Kaka ameajiriwa, mshahara wake unaingia tarehe 28 na fungu lake halilali. Mdogo wangu wa kike ana biashara, huleta baada ya tarehe 10. Kitinda mimba wetu anaishi kwa vibarua, mwezi huu analeta lote, mwezi ujao nusu, mwezi unaofuata anazima simu. Miaka yote hii mwenye kuziba pengo ni mimi, na sijawahi kuwaambia ni mara ngapi.

Miezi 2 iliyopita mteja aliyeniagiza sare alichelewesha malipo na mwenye nyumba akawa ananigongea kila asubuhi. Kwenye simu nilikuwa na fungu la kaka, na safari hiyo hata mdogo wangu alikuwa amewahi. Nikajiambia nakopa siku 4 tu. Mteja akalipa baada ya wiki 3. Tarehe 5 ikapita. Nilijua zipo siku za nyongeza, sikujua ni ngapi, nikaogopa hata kuuliza. Kwenye kundi niliandika, "Mtandao unasumbua, nitalipa kesho." Hakuna aliyefuatilia.

Mama akaenda kliniki yake kama kawaida. Pale mapokezi akaambiwa, "Mama, kadi yako haisomi." Wakamweka kwenye benchi zaidi ya saa 2 wakijaribu na kujaribu tena, mwishowe akarudi nyumbani bila dawa. Alinipigia simu, wala hakulalamika. Alisema labda mashine yao ni mbovu. Usiku ule nilikopa kwa jirani nikamnunulia dawa, na asubuhi nikalipa bima. Tangu siku hiyo nikisikia sauti ya mama kwenye simu tumbo linanikaza.

Sasa kaka ametoa wazo kwamba bili yote ikatwe kwenye akaunti yake ya benki kila mwezi, sisi tumrudishie mafungu yetu. Ameongea kwa upole, lakini mimi nimesikia "hatukuamini tena". Mdogo wangu anapinga, anasema kaka akishika hela atashika na amri. Kitinda mimba anataka tumtumie wakala anayepita kukusanya fedha mkononi. Mume wangu anasema nimwachie kaka, nipumzike, na mwezi ambao hela haikutimia tutumie kadi yake ya mkopo.

Nikikubali la kaka bila kusema ukweli, si nitakuwa nimejificha nyuma ya benki? Na nikisema, nitaitwa mwizi wa mama yangu mzazi. Kliniki ya mama ni tarehe 19. Nifanyeje?

Mshonaji mwenye aibu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata habari za bili na tarehe. Mara ya pili nilimwona mtu aliyebeba gunia la watu wanne kwa miaka 3, likamwangusha siku moja, naye anajiuliza kwa nini ana goti bovu. Sisemi hivyo ili kukusafisha. Mama alirudi bila dawa, na wewe mwenyewe hulifichi hilo. Ila nataka tuanze na hesabu iliyo kamili.

Nikikuelewa vizuri, unabeba mambo mawili umeyafunga kitita kimoja. La kwanza ni njia gani hela ipite mpaka ifike kwenye bima kwa wakati. La pili ni lile ambalo ndugu zako hawalijui. Ukiyaacha yamefungwa pamoja, kila njia ya malipo itaonekana kwako kama hukumu. Kaka amesema "makato ya benki", wewe umesikia "hatukuamini". Lakini mwanangu, kaka hajui kilichotokea. Anachojua ni kwamba mtandao ulisumbua, na ulipousingizia mtandao, mtu mwenye akili alitafuta njia isiyotegemea simu yako. Inawezekana anakujibu tatizo lile lile ulilomtajia. Inawezekana pia amehisi jambo akalimeza. Mimi siwezi kujua, na kwa barua hii wewe pia hujui.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, fanya kazi moja ya mezani. Fungua ujumbe wa malipo wa miezi 12 iliyopita, chukua daftari unaloandikia vipimo vya wateja, andika kila mwezi fungu la nani lilifika tarehe ngapi, wewe ulilipa tarehe ngapi, na uliongeza kiasi gani juu ya fungu lako. Mwezi ule mbaya uandike kama ulivyo, bila kuupaka rangi. Daftari hilo litakuonyesha kitu ambacho nimekiona hata kwenye barua: hela ya kaka inafika tarehe 28, bili inadai tarehe 5, hela ya mdogo wako inakuja baada ya 10. Mpango wenu ulikuwa na tundu tangu siku ya kwanza, na tundu hilo mliliziba kwa mfuko wako bila kukuuliza.

Basi swali la kwanza kwa kampuni ya bima ni dogo: je, tarehe ya kulipa inaweza kusogezwa? Zipo kampuni zinazomruhusu mwanachama kuchagua siku, zipo zisizoruhusu. Ikiruhusiwa, tarehe 15 ingewaokoa zaidi kuliko ubishi wa nani ashike hela. Uliza tu kama mwezi wa mabadiliko utakuja na bili ya siku za katikati, isije ikawashtua.

Sasa tulitazame wazo la kaka. Watu husema "makato ya benki" kama kitu kimoja, kumbe ni viwili. Kuna agizo la kudumu: kaka anaiambia benki yake itume kiasi fulani kila tarehe fulani, na benki hutuma kiasi hicho hicho mpaka yeye mwenyewe abadilishe. Na kuna idhini ya kukata: kaka anairuhusu kampuni ya bima ichukue inachodai, kiwe kimepanda au kimeshuka. Tofauti hii huwaumiza watu wakati wa kuhuisha bima. Bili ikiongezeka, agizo la kudumu litaendelea kutuma kiasi cha zamani, na kwenye vitabu vya bima pungufu kidogo ni deni kama deni jingine. Idhini ya kukata haina kasoro hiyo, lakini siku salio la kaka lisipotosha, benki inaweza kukataa malipo na kumtoza faini juu yake. Na kama makato yamefungwa kwenye kadi yake badala ya akaunti, kadi ikiisha muda au ikipotea akapewa nyingine, malipo yanasimama. Njia zinazojiendesha zina kilema hicho, zikifa hufa kimya. Wewe ulipochelewa, angalau moyo wako ulijua. Mashine haiwezi kukosa usingizi.

Kwa hiyo mkiichagua njia ya kaka, namba yako au ya mama nayo iandikishwe kwenye bima ipokee taarifa za malipo, ili akikwama yeye mjue ninyi. Na mkubaliane mapema yatakuwaje akipoteza kazi au akiugua, kwa sababu hapo mzigo wa wanne mtakuwa mmeutundika kwenye msumari mmoja. Hofu ya mdogo wako kuhusu amri pia msiicheke. Huenda ina historia ambayo hukuniandikia. Anayelipa kwanza na kurudishiwa baadaye hugeuka mdai wa ndugu zake, hata kama hataki, na deni la ndugu lina ladha yake.

Ipo njia ya katikati ambayo sikuiona kwenye barua yako. Kila mmoja wenu alipe fungu lake moja kwa moja kwa namba ya uanachama ya mama, hela isipite mkononi kwako wala kwa kaka. Si kila bima inapokea malipo ya vipande. Nyingine huvijumlisha mpaka bili itimie, nyingine huvishikilia tu bila kuvihesabu, kwa hiyo uliza. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayebaki na kishawishi wala lawama. Ubaya wake ni kwamba mafungu matatu kati ya manne, mbele ya bima, bado ni bili isiyolipwa. Yule kitinda mimba anayezima simu atakuwa na uwezo wa kumzimia mama kadi.

Njia yako ya simu nayo sioni kwamba ni mbovu. Uthibitisho unaupata papo hapo, jambo ambalo malipo ya kupitia benki hayana kila mara: yanaweza kuchukua siku moja mpaka 3 za kazi, na mwisho wa wiki hauhesabiwi. Anayetuma Ijumaa jioni kwa bili ya Jumamosi anajidanganya. Hatari ya simu iko kwenye vidole. Tarakimu moja ikikosewa, hela inaweza kuingia kwenye uanachama wa mtu mwingine au ikaning'inia bila mwenyewe. Hifadhi namba ya mama mara moja, usiiandike upya kila mwezi, na ule ujumbe wa uthibitisho usiufute hata ukiwa na mwaka mzima.

Kuhusu wakala wa fedha mkononi, nitakuwa mfupi. Kuna mawakala waaminifu, na kwa mtu asiye na simu wala benki ni msaada. Lakini risiti inayokulinda ni ile inayotoka kwenye kampuni ya bima yenyewe, yenye jina la mama, namba yake na mwezi uliolipiwa. Karatasi aliyoandika wakala kwa kalamu yake inathibitisha tu kwamba yeye alipokea.

Kadi ya mkopo ya mume wako inatoka kwenye moyo mwema. Kwa mwezi mmoja wa dharura, na ikilipwa yote kabla riba haijaanza, inaweza kuokoa jahazi. Ikigeuka mazoea, mtakuwa mnailipa bima ya mwezi mmoja mara mbili, safari ya pili kwa riba. Na kuna swali jingine: mume wako akiziba pengo la ndugu zako, watajua? Au naye atajiunga na wewe katika kuziba kimya kimya?

Kuna na kulipa kwa miezi 3, miezi 6 au mwaka mzima. Chukua bili ya mwezi uizidishe kwa 12, kisha ulinganishe na bei ya mwaka. Mara nyingi ya mwaka huwa chini kidogo, na mkilipa mara moja hakuna tarehe 5 ya kuogopa. Nani kati yenu ana kiasi hicho kwa mkupuo, hilo mnalijua wenyewe. Kabla ya kulipa soma sharti la kurudishiwa hela endapo bima itasitishwa katikati ya mwaka. Kaka pia aulize kazini kwake kama bima ya waajiriwa inaruhusu kumwongeza mzazi na kukatwa kwenye mshahara. Ni utaratibu wa siku nyingi huo: sheria ya bima ya ugonjwa ya Ujerumani ya mwaka 1883 iliwagawia wafanyakazi theluthi mbili za mchango na waajiri theluthi moja. Makato ya mshahara hayasahau, ila kazi ikiisha nayo mara nyingi huisha.

Kama ungenibana niseme kinachonivutia, ni kuwa mbele kwa mwezi mmoja. Kila fungu liongezwe kidogo kwa miezi kadhaa, mpaka bili nzima ya mwezi mmoja iwe imekaa pembeni, kwenye akaunti au laini isiyotumika kwa jambo jingine. Hapo mdogo wako akileta tarehe 12, analipia mwezi ujao na hakuna anayekimbizwa. Njia nyingine zote, simu, benki au kadi, hulala vizuri juu ya godoro hilo. Ugumu wake unaujua kuliko mimi: hela iliyokaa pembeni huita siku mwenye nyumba anapogonga. Ndiyo maana nafikiri laini hiyo ionekane na watu wawili, na asishike mtu ambaye kipato chake hupanda na kushuka. Hapo nilikuwa nakutaja wewe, na nimetaja bila lawama.

Nirudi kwenye siku za nyongeza ulizoogopa kuulizia. Kiswahili chetu kina kituko chake: tunakata bima ili tulindwe, na bima ikikatika tunabaki wazi. Kati ya kuchelewa na kukatika kuna muda wa nyongeza, nao hutofautiana kwa sheria na kwa mkataba. Hata ndani yake mambo hayalingani. Bima nyingine huendelea kumhudumia mgonjwa, nyingine hushikilia mpaka ulipe. Nchini Marekani, kwa mfano, mwenye bima anayopata kwa punguzo la kodi la serikali hupewa siku 90, mradi awe amelipa angalau mwezi mmoja wa mwaka huo. Mwezi wa kwanza wa deni kampuni hulipia matibabu, lakini ya mwezi wa pili na wa tatu inaweza kuyashikilia, na deni lisipolipwa lote bima hufutwa kurudi nyuma mpaka mwisho wa ule mwezi wa kwanza. Mtu anaweza kudhani amekatiwa leo, kumbe alikatiwa zamani. Kwa mama mwenye shinikizo la damu kuna hatari nyingine. Bima ikishakufa na kufufuliwa, mikataba mingi huanza upya kipindi cha kusubiri, yaani muda ambao bima bado hailipii, kwa maradhi aliyokuwa nayo mwanachama. Hilo ndilo la kuuliza kwa sauti, hata kama linatisha.

Sasa lile la pili. Umeandika "nilikopa", halafu mistari michache mbele ukaandika "mwizi". Maneno hayo mawili yako mbali sana, na sidhani kama lolote kati yao linakaa sawasawa. Aliyekopa huomba. Aliyeiba hakopi kwa jirani usiku akanunua dawa. Labda ipo sentensi ndefu zaidi, yenye mwenye nyumba, sare, tarehe 5 na miaka 3 ya mapengo, na labda sentensi hiyo ndiyo ndugu zako wanastahili kuisikia.

Unaweza kuwaambia wote kwa pamoja, daftari likiwa mezani. Faida yake ni kwamba mambo yanasemwa mara moja, na wanaona pia ulichobeba. Hatari ni kwamba daftari linaweza kugeuka silaha: ukianza na madeni yao kabla ya kosa lako, watasikia utetezi tu. Unaweza kuanza na kaka peke yake, kwa kuwa ni fungu lake na la mdogo wako uliloligusa. Hapo unapata sikio moja tulivu, lakini mdogo wako akijua baadaye kwamba ninyi wawili mlikaa na siri inayomhusu, ile hofu yake ya kaka itapata ushahidi. Unaweza pia kunyamaza, ukalipa na kusonga mbele. Bili imeshalipwa, hakuna atakayekudai. Gharama ya kunyamaza umeniandikia mwenyewe, iko tumboni kwako kila mama anapopiga simu. Na kila njia mpya ya malipo mtakayokubaliana itajengwa juu ya sababu isiyo ya kweli, kwamba mtandao ulisumbua.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza kitu katika barua nzima. Kadi ina jina lake. Huenda mama angependa kujua bili yake inalipwa tarehe ngapi na nani amechelewa. Huenda angependa apigiwe simu kabla hajapanda gari kwenda kliniki. Huenda pia hataki kabisa, ana uzee wake wa kutunza. Lakini alipokuambia "labda mashine yao ni mbovu", sina hakika alikuwa anaizungumzia mashine. Akina mama wana namna ya kumwachia mtoto mlango wazi.

Hayo ya ndugu na mama utayapima kwa kasi yako, wala usijilazimishe kuyamaliza wiki hii. La leo ni simu moja kwa kampuni ya bima, na namba ya uanachama mkononi. Uliza kama bima ya mama iko hai sasa hivi, kama malipo yako ya mwisho yameingia mwezi gani, kama kuna deni la nyuma, na kama kuchelewa kule kumeanzisha kipindi cha kusubiri kwa dawa zake za presha. Omba majibu kwa ujumbe wa maandishi. Kisha tarehe 18 jioni piga tena, uhakikishe kadi inasoma kabla mama hajatoka nyumbani.

Uniandikie walivyokujibu.